Kuangalia ndege ukitokea Dar: panga kwa maji, mwanga na majani

Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kufika kwenye tope la bahari, mikoko, mashamba ya chumvi na msitu wa pwani na kurudi kulala kwake. Akiongeza siku nne au tano anapanda msitu wa mvua wa Uluguru, anapita miombo ya Mikumi na kushuka bonde la Kilombero. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na sehemu nzuri ya hesabu hiyo iko kwenye njia hiyo hiyo moja. Umbali haumshindi mtu. Kinachoharibu safari nyingi ni saa.

Tope la bahari linafuata mwezi. Msitu unafuata mapambazuko, miombo inafuata majani, mlima unafuata ukungu. Anayetoka nyumbani saa tatu asubuhi baada ya chai atakosa kote: Kunduchi maji yamekimbia na ndege ni vidoa vyeusi kwenye mwanga wa jua, Pugu nyenje wameshika zamu na ndege wamenyamaza, Uluguru wingu limeshuka mpaka kwenye migomba. Halafu anarudi akisema hakuna ndege ila kunguru.

Jina la kisayansi nimelitia pale ambapo jina letu moja linabeba ndege wengi, ili mtu aweze kumtafuta kwenye kitabu au kwenye programu ya simu bila kubahatisha.

Bahari: soma mwezi kabla ya kusoma kitabu

Maji yetu yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, huja bamvua: maji yanakwenda mbali sana na kurudi juu sana, tofauti ya mita tatu na zaidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na bahari inakuwa kama imechoka, haiendi wala hairudi sana.

Kwa Dar, siku za bamvua maji hukauka karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo yanageuka: hujaa asubuhi hiyo ya kati na kupwa alasiri. Huhitaji kukariri zaidi ya hapo. Ukishajua mwezi una siku ngapi unaweza kukadiria, kisha hakikisha kwenye jedwali la maji la Dar es Salaam, au muulize mvuvi yeyote pale pwani. Hatakosea kwa zaidi ya nusu saa.

Ndege wa mwambao, yaani vitwitwi, sululu na wenzao, wanakula kwenye tope lililoachwa wazi. Maji yakiwa yamekupwa kabisa wametawanyika kilomita nzima. Yanapopanda yanawasukuma kuelekea kwako, hadi wanabanana kwenye ulimi wa mchanga uliobaki. Saa mbili na nusu za mwisho kabla ya maji kujaa ndizo za kuwepo. Siku ya bamvua hiyo ni kuanzia saa saba na nusu mchana. Na hapa jiografia ya Dar inakusaidia bure: bahari iko mashariki, kwa hiyo alasiri jua liko mgongoni mwako na kila unyoya unaonekana. Asubuhi unatazama ndege na jua kwa pamoja, na hakuna darubini ya bei yoyote itakayotibu hilo.

Siku za maji mafu usijisumbue sana na fukwe. Maji hayafiki juu, ndege hawasukumwi, wanabaki mbali wakila taratibu. Siku hizo nenda msituni.

Maji yakishajaa kabisa siku ya bamvua, fukwe zinabaki tupu na mgeni anadhani ndege wameondoka. Wamehamia kulala nyuma: kwenye mashamba ya chumvi na vipara vya mchanga ndani ya mikoko. Upande wa Kunduchi, ukishuka Mtongani na kuchukua bodaboda kuelekea pwani, vyote vipo karibu karibu: ufukwe, mkondo wa mikoko na mabwawa ya chumvi. Tembea juu ya tuta polepole, simama mbali. Ndege aliyelala kwa mguu mmoja akishusha mguu wa pili na kunyoosha shingo, umeshamkaribia kupita kiasi. Hatua mbili zaidi kundi lote linaruka, na likiruka mara ya pili halirudi.

Wa kumtafuta kwanza ni mla kaa, *Dromas ardeola*. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene wenye ncha kama jambia. Anakimbia hatua chache, anasimama, anakimbia tena, kisha anashindilia kaa. Wanazaliana kwenye fukwe za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, jambo ambalo ndege wengine wa mwambao hawafanyi. Kisha wanashuka kwetu na watoto wao. Ukiona ndege wa rangi ya kijivu akimfuata mkubwa huku akipiga mluzi bila kukoma, huyo ni mtoto anaomba kulishwa, na mzazi kweli anamlisha hata baada ya safari yote hiyo.

Wanaowapa watu tabu ni vitwitwi wawili wa mchanga, mkubwa na mdogo, ambao kipindi cha kaskazi wote ni kahawia juu na weupe chini. Ukubwa usiutegemee kama hawajasimama pamoja. Pima mdomo: chukua urefu wa mdomo, uulaze kichwani kuanzia shina la mdomo kwenda nyuma. Ukivuka ukingo wa nyuma wa jicho, ni mkubwa, *leschenaultii*. Ukiishia jichoni, ni mdogo. Tazama pia miguu wanaporuka: ya mkubwa inachungulia nje ya mkia. Vitabu vya zamani vinawaweka kwenye *Charadrius*, vipya kwenye *Anarhynchus*, na mdogo amegawanywa kuwa aina mbili; anayefika kwetu ni yule wa Asia ya kati, *atrifrons*. Usipoteze jioni kwa hilo.

*Xenus cinereus* hana shida: mdomo umepinda kwenda juu, miguu ya manjano, na anakimbiza kaa wadogo huku ameinamisha kichwa. *Calidris ferruginea* ana mdomo uliopinda kwenda chini na kiuno cheupe akiruka. Huyu ukimkuta mwishoni mwa Machi au mapema Aprili anaanza kuwa mwekundu wa tofali, kwa sababu anajiandaa kwenda kuzaa kaskazini ya mbali. Kwa maoni yangu hizo ndizo wiki bora za mwaka kwenye tope la Dar, hata kama masika imeshaanza kunyesha. Wahamiaji wanakuwepo kuanzia Septemba hadi Aprili. Juni na Julai utabaki na vijana wachache ambao mwaka huo hawakusafiri.

Ndani ya mikoko msikilize mdiria wa mikoko, *Halcyon senegaloides*, mlio wa kukatakata unaoshuka. Ana ndugu wa bara, *Halcyon senegalensis*, anayefanana naye sana. Angalia mdomo wa chini: wa mikoko ni mwekundu juu na chini, wa bara ni mwekundu juu na mweusi chini.

Kinachoharibu kwenye tope ni vitu vinne. Cha kwanza ni mkondo ulio nyuma yako. Maji hayaji kutoka mbele pekee. Yanapita kwanza kwenye vijito vya mikoko, kwa hiyo unaweza kuwa umesimama pakavu huku njia yako ya kurudi tayari iko kiunoni. Kabla ya kutoka, tambua kijito cha chini kuliko vyote kati yako na nchi kavu, na ukiona maji yameanza kuingia humo, rudi. Cha pili ni viatu: gambuti linanyonywa na tope na kubaki huko, na miguu mitupu inakatwa na chaza. Vaa raba za zamani zenye kamba, zifunge sana. Cha tatu ni mvuke wa joto. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana hewa juu ya mchanga inacheza, na teleskopu ya kukuza mara 60 inakuza huo mchezo tu. Rudi kwenye mara 20 au 25 na usubiri maji yawalete.

Cha nne ni watu. Teleskopu kwenye tripodi inaonekana kama kifaa cha upimaji au upelelezi, na sehemu za pwani na barabara ya Pugu zina maeneo ya jeshi. Usiielekeze kamera wala darubini kwenye kambi, bandari au Ikulu. Pita ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe, sema unaangalia ndege, waonyeshe kitabu chenye picha. Watoto watakuja, waache wachungulie, na mmoja wao atakuambia wapi sululu hulala. Kwenye fukwe tupu usiwe peke yako, na simu ikae mfuko wa ndani.

Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika 2022, na lile la Salender vinakuwezesha kutazama mdomo wa Msimbazi bila kukanyaga tope, na kwa tope la pale hilo ni jambo la kushukuru. Shakwe, buabua na yangeyange wapo. Ila usisimame muda mrefu na tripodi.

Kuhusu kunguru: yule mwenye shingo ya kijivu anayejaa jijini ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890. Anakula mayai na makinda, na ndiyo maana bustani nyingi za katikati ya jiji zina miti mizuri na ndege wachache. Andika kwenye orodha yako kisha songa mbele.

Pugu: mita 200 kwa nusu saa

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iko kusini-magharibi mwa jiji, kwenye vilima vya Kisarawe, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Daladala za Gongo la Mboto zinakufikisha njiani, kisha za Pugu Kajiungeni na Kisarawe. Tatizo ni kwamba daladala ya kwanza haikufikishi kwa wakati. Unatakiwa uwe kwenye njia ya msitu saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa bado na giza chini ya miti. Lala Kisarawe, au kubaliana na bodaboda tangu jana yake. Mhifadhi naye mpigie jana yake: ukifika getini alfajiri bila taarifa utamsubiri anayekata kibali, na huo ndio muda wenyewe uliokuja kuutafuta. Malipo ni kwa namba ya serikali yenye tarakimu 12, unayolipia kwa simu, kwa hiyo weka salio kabla. Mtandao ndani ya mabonde unakatika.

Ndege wa pwani wazi unamwona kisha unamsikia. Msituni ni kinyume, na wengi hawabadilishi mwendo. Wanatembea kama wanakwenda sokoni, wanamaliza njia nzima kwa saa moja na kuona shorwe watatu. Nenda mita 200 kwa nusu saa. Simama penye mwanya wa mwanga, au pale mti ulipoanguka, au penye mkuyu wenye matunda, na ukae dakika 15 bila kuinua mkono ghafla. Hondohondo, *Bycanistes bucinator*, utawasikia kwanza mabawa, kisha kilio cha mtoto mchanga. Shorobo anakoroma juu. Subiri aruke, ndipo wekundu wa mabawa unapotoka kwenye kijani. Kororo wanakwaruza majani kwa kundi, na wakikuona wanakimbia badala ya kuruka. *Apaloderma narina* ndiye mgumu: tumbo jekundu, mgongo wa kijani, naye hukaa amekugeuzia mgongo. Sauti yake ni mguno wa chini, miwili miwili, unaorudiwa. Usiutafute kwa macho. Zungusha kichwa mpaka sauti iwe sawa masikio yote mawili, kisha pandisha darubini taratibu kwenye matawi ya kati, si kileleni.

Kundi mchanganyiko likipita, macho yatakimbilia yule mkubwa anayepiga kelele. Mwache. Tazama ncha za matawi: *Erythrocercus holochlorus*, kindege cha manjano chenye urefu wa kidole, hakitulii sekunde mbili, na chozi wa pwani, *Anthreptes reichenowi*, anachunguza majani kuliko maua. Wote wawili ni wa misitu hii ya ukanda wa pwani, na misitu yenyewe imebaki vipande.

Kitu kimoja cha kujifunza Pugu kuliko vyote ni siafu. Ukikuta msafara wao unatawanyika kuwinda, umepata meza iliyoandaliwa. Wadudu wanakimbia siafu, na ndege wanakula wanaokimbia. Simama mita tatu au nne kutoka ukingo wa mbele, soksi juu ya suruali, na tazama chini, kwenye vifimbo vya urefu wa goti. Shorwe wa msituni, *Phyllastrephus fischeri*, watakuja wakigombana. Nyuma yao, ukitulia, anaweza kutokea *Sheppardia gunningi*, kifua cha rangi ya chungwa, mgongo wa zaituni, anayeruka chini mara moja na kurudi kwenye kivuli. Ni ndege anayewindwa na wasafiri kutoka nchi za mbali. Kagua miguu yako kila dakika. Siafu hawaumi mmoja mmoja, wanapanda kwanza kisha wanaanza kwa pamoja.

Kipupwe, Mei hadi Septemba, kuna mgeni mwingine wa sakafuni, *Geokichla guttata*, mwenye madoa meusi kifuani, anayekuja kutoka kusini. Hutamsikia akiimba. Utasikia jani moja linapinduliwa, kimya, jani lingine. Kenge naye anatoa sauti hiyo hiyo, ila kenge haachi vituo.

Saa nne nyenje wakishaanza, maliza. Kurudi kwenda kutafuta alichokosa mtu saa sita mchana ni kupoteza maji ya kunywa. Rudi jioni kuanzia saa kumi na moja; na kama umeruhusiwa kusimama karibu na mapango ya machimbo ya zamani ya udongo mweupe, popo wanapotoka angalia juu kama yupo *Macheiramphus alcinus*, kipanga mweusi anayewinda popo jua linapozama.

Njia za pembeni usizifuate bila mhifadhi. Nyingi zimekatwa na wachoma mkaa. Zinaishia kwenye tanuri, na nyingine zinakurudisha pale pale.

Kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze kunafanya kazi, na ndiyo sababu kunatumiwa vibaya. Ndege anayejibu anaacha kula na kulisha akidhani amevamiwa. Sekunde 20, mara mbili, basi. Kwenye kiota au kwa ndege adimu, usipige kabisa. Na programu kama Merlin ikikuambia jina kutokana na sauti, ichukue kama fununu. Usiandike mpaka umeona au umesikia mlio mzima wewe mwenyewe.

Darubini na unyevu wa Dar

Nunua 8x42, yaani inayokuza mara nane na lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 42, kabla ya 10x42. Gawanya 42 kwa 8 unapata mwanga wa upana wa milimita 5.25 unaoingia jichoni. Kwa 10 unapata 4.2. Alfajiri ya Pugu tofauti hiyo inaonekana waziwazi, na mara nane inatikisika kidogo kuliko kumi mkono ukichoka. Teleskopu ni ya tope na mabwawa. Msituni ni mzigo.

Adui wa vifaa hapa ni wawili. Chumvi: ukirudi pwani usifute lenzi kavu, maana punje za chumvi zinakwaruza. Lowesha kitambaa safi kwa maji yasiyo na chumvi, pangusa kwanza, kisha kausha. Unyevu: darubini iliyofungiwa kwenye begi la ngozi kabatini huota ukungu ndani ya lenzi, nyuzi nyuzi kama mizizi, na kuuondoa ni kazi ya fundi. Ihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika ambavyo unavikausha kila vinapobadilika rangi. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi zitajaa mvuke papo hapo. Zima kiyoyozi au fungua dirisha nusu saa kabla ya kufika. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki na mpira, kwa hiyo paka kwa mgongo wa kiganja.

Kupanda Uluguru, kupita miombo

Treni ya mwendokasi ilianza safari za abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na imebadilisha hesabu ya safari hii. Chini ya saa mbili uko Morogoro. Kituo kiko nje ya mji, chukua bajaji. Ondoka Dar mchana, lala Morogoro, kwa sababu mlima unataka alfajiri kama msitu wa pwani, tena zaidi: saa nne au saa tano wingu hukaa juu ya miti na ndege wa vileleni wanapotea. Kibali cha hifadhi ya Uluguru kichukue siku hiyo hiyo ya kufika.

Njia ya Morningside kuelekea Bondwa inaanza kwenye mashamba na kuingia msituni juu. Chozi wa Uluguru, *Cinnyris loveridgei*, hapatikani popote duniani nje ya milima hii, na kwa bahati si mgumu: tafuta maua kwenye ukingo wa msitu asubuhi jua linapogusa. *Malaconotus alius*, naye wa Uluguru peke yake, ni habari nyingine. Yuko juu kabisa ya miti, ni wachache, na wengi huambulia sauti tu. Ukimweka yeye kama lengo la siku moja utarudi umenuna. Chukua jaketi, jasho la kupanda likikutana na ukungu linageuka baridi kali.

Kama una siku nne za mlima peke yake, mimi ningeelekea Amani, Usambara Mashariki, kupitia Muheza. Hifadhi ile, iliyotangazwa 1997, inakupa msitu wa chini pale Sigi na wa juu pale Amani penyewe, na kutembea katikati yake ni kubadilisha ndege kila nusu saa. Ila ni upande mwingine wa nchi, na hauunganishwi vizuri na Mikumi.

Mikumi barabara kuu inakata katikati ya hifadhi. Mwendo ni kilomita 50 kwa saa, faini zipo na kamera zipo, na kusimama kuangalia ndege barabarani hakuruhusiwi; ingia getini ulipie. Beba kitambulisho cha taifa upate kiwango cha mwananchi. Watu wengi wanabaki uwandani kwa sababu ya simba, na kuiacha miombo ya vilimani ambako ndiko kuna ndege wa pekee: *Coracias spatulatus* mwenye ncha za mkia kama vijiko, *Melaniparus rufiventris*, na *Salpornis salvadori* anayepanda shina akilizunguka, akikuona anahamia upande wa pili.

Miombo inachosha asiyeijua. Unatembea dakika 40 hakuna hata mlio, kisha ndani ya dakika tano kuna ndege 15 wa aina mbalimbali juu yako. Wanasafiri kwa makundi, na kati ya kundi na kundi pamekufa. Kwa hiyo usitafute ndege, tafuta kundi: msikilize mramba, yule mweusi mwenye mkia wa uma, maana mara nyingi anafuatana nao. Ukilipata, kaa nalo hata kama linakutoa kwenye njia, mradi askari mwenye silaha yuko nawe. Kutembea bila yeye hairuhusiwi. Miezi bora ni Agosti hadi Novemba mapema. Majani yamepukutika, nyasi zimeungua, na machipukizi mekundu yanatoka kabla ya mvua huku ndege wakianza kuimba. Masika usiende: majani yamefunga na udongo mweusi unameza gari.

Mbung'o wanapenda rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi. Vaa kaki au kijivu. Begi jeusi nalo linahesabika.

Daraja la Kilombero

Kutoka Mikumi mjini barabara ya kusini inapita chini ya Udzungwa mpaka Ifakara, na ng'ambo ya mji kuna daraja la mto Kilombero. Hapa ndipo pa kumaliza, kwa sababu ndege watatu wa tambarare hii walichelewa sana kuingia vitabuni. Mnana wa Kilombero, *Ploceus burnieri*, alielezwa kisayansi 1990. Wale wawili wadogo wa nyasi, *Cisticola anderseni* na *Cisticola bakerorum*, walijulikana na watazamaji tangu miaka ya 1980 lakini maelezo rasmi yalitoka 2021. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo kitawataja bila jina la kisayansi au kitawaacha kabisa.

Dume la mnana wakati wa kuzaa ni la manjano lenye barakoa nyeusi, na viota vinaning'inia kwenye matete na mabingobingo kando ya maji. Tatizo ni kwamba nje ya msimu wa kuzaa wanajichanganya na minana wengine, na kumtambua kunakuwa kubishana. Wale wadogo wawili watambue kwa sauti na mahali: simama penye ukingo wa matete asubuhi, subiri dume apande juu ya bua na kuimba, tazama mkia na kichwa kabla hajazama. Machi hadi Mei bonde linafurika na matete yako majini.

Juu ya daraja malori hayapunguzi mwendo, kwa hiyo shuka chini, upande wenye mitumbwi. Zungumza na wavuvi kwanza, kaa mita kadhaa kutoka ukingoni, na usiingie kwenye njia iliyolazwa nyasi kuelekea majini. Hiyo ni ya kiboko, na asubuhi anaweza kuwa bado hajarudi.